Mstari Niliouruka

Jumapili, 22 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote: leo nimefungua kisanduku cha ndoano cha Babu bila ruhusa.

Nia ilikuwa njema. (Wezi wote husema hivyo.) Nilitaka leseni yake ya kuvua, ile ya kwetu Louisiana, niipeleke maktaba wakaifunike plastiki, maana kuanzia tarehe mosi Julai itafanya kazi hata huku tulikohamia Machi. Sheria mpya. Mama alileta tangazo lake juzi kutoka kambi ya jeshi anakofanya kazi, akalibandika kwenye friji: mwanajeshi, au aliyewahi kuwa mwanajeshi, akiwa na leseni ya kuwinda au kuvua ya jimbo lolote, jimbo hili litaitambua. Mama alicheza jikoni na buti zake miguuni. Babu alisema tu, "Sheria za watu," akaendelea kumenya kamba wa matopeni.

Hapo ndipo udadisi uliponianza. Mtu huyu anakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya mto tangu Machi, hashiki ufito wa kuvulia, kazi yake kutuelekeza. Leseni ya wageni hataki kununua — eti hawezi kulipa kama mtalii kwa samaki atakayemla mwenyewe. Kuandikishwa mkazi wa huku hataki — eti akibadilisha anwani, kule nyumbani watadhani amekufa. Na nyumba yenyewe kule ilishabebwa na kimbunga. Sasa mlango umefunguliwa, mbona haingii?

Basi. Chini ya trei ya ndoano, chini ya sifongo, kulikuwa na mfuko wa mkate uliokunjwa mara kadhaa. Ndani, karatasi ya jeshi. Jina la Babu: Ulysse Guidroz. Hati ya kuachishwa jeshi — ile ile ambayo tangu nikiwa mdogo naambiwa ilikwenda na maji ya mafuriko ya zamani.

Macho yangu yaliangukia mstari mmoja. Ameachishwa kwa namna isiyo ya heshima.

Mlango wa nyuma ukalia. Nikarudisha kila kitu haraka.

Leseni nimeisahau humo humo.


Jumatatu, 23 Juni

Siwezi kumtazama Babu. Siwezi kuacha kumtazama Babu. Anakoroga kahawa vilevile. Anaitukana redio vilevile.

Mtu anafanya nini mpaka jeshi limwandikie maneno yale? Nimewaza: aliiba. Alimpiga mkubwa wake. Alikimbia vita. Hakuna linalomkaa. Ni kama kumvisha viatu vya mtu mwingine.

Sebuleni kuna picha yake akiwa na sare, miaka kumi na tisa, masikio makubwa. Mama husema aliingia jeshini kwa sababu ya picha ile. Leo ni sajenti, mwaka wa ishirini na mbili. Kila tukihamishwa kambi, picha ile inatundikwa kwanza, kabla hata ya vitanda kufungwa.

Mama hajui. Nina hakika hajui.


Jumatano, 25 Juni

Tulikwenda kwa Dell kununua minyoo. Dell anauza chambo, na zamani alikuwa mwanamaji. Kofia yake inasema hivyo. Yeye pia husema hivyo, kila baada ya dakika tano.

"Bado siku sita, Ulysse," alimwambia Babu. "Au utaendelea kuvua kwa mdomo?"

"Mdomo wangu hauhitaji leseni."

"Ungehitaji, ungekuwa umefungwa maisha. Mwanajeshi gani wewe, unaogopa samaki trauti?"

Watu dukani walicheka. Babu pia alicheka. Lakini kidole chake kilikuwa kinakunja ukingo wa shati, kinakunjua, kinakunja.

Tulipofika nyumbani akalibandua tangazo kwenye friji, akaniita barazani. Kiingereza cha herufi ndogo kinamshinda. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi, na hata hiyo miaka michache walikuwa wanamchapa kwa kusema Kifaransa. Mimi kule nyumbani nilisoma asubuhi kwa Kifaransa, mchana kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye msomaji wake. Barua za bima, chupa za dawa, yote mimi.

"Nisomee, sha." Ndivyo anavyoniita akitaka kitu, au akinipenda zaidi ya siku nyingine. "Polepole. Yote."

Nikasoma, nalitia kwenye Kifaransa chake kidogo kidogo. Leseni ya jimbo lolote. Iwe haijaisha muda. Awe mwanajeshi, au aliyewahi kuwa. Kisha nikauona mstari mmoja unakuja, kama unavyoona jiwe mbele ya baiskeli: na awe aliachishwa kwa heshima.

Nikauruka.

Babu alikuwa anatazama magoti yake. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, Babu."

"Hawaulizi mtu aliondokaje?"

"Hawaulizi."

Ule wa kwanza naweza kusema nilipitiwa. Huu wa pili ni uongo mtupu, na sijui ulitoka wapi. Mimi ambaye darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Babu alilikunja tangazo. Kisha akasimama, akaenda kutafuta mafuta ya kulainishia gurudumu la mshipi.


Alhamisi, 26 Juni

Anapiga mluzi. Ndoano zote zimenolewa.

Mama ameniuliza nimempa nini babu yangu. Nikaenda kuosha vyombo.


Jumamosi, 28 Juni

Nimejua! Au karibu nimejua.

Tulikuwa tunakatakata vitunguu, yeye na mimi. Nikauliza kwa sauti ndogo — ile sauti yangu ambayo watu huniambia nirudie — "Babu, jeshini ulikumbuka nini zaidi cha nyumbani?"

Nilidhani atasema chakula. Akasema, "Mitego."

Akaanza. Panya-maji wa kinamasi. Manyoya yao yalikuwa yanauzwa, na msimu ulikuwa majira ya baridi tu. Baba yake alikuwa na mitego mia mbili na mtumbwi mmoja, na watoto wadogo watano nyumbani. Mwaka mmoja baba yake akateleza gatini akavunja nyonga, wiki ile ile msimu unafunguliwa.

"Nani akatega?" niliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kila asubuhi nilipita yote, mia mbili. Baridi mpaka unamchuna mnyama vidole huvisikii. Usiku mama yangu anatandaza ngozi kwenye fremu, analala amekaa." Akafuta macho, eti ni vitunguu. "Tulimaliza majira yale hakuna aliyelala njaa. Hakuna hata mmoja, sha."

"Mwaka gani huo?"

"Sabini. Krismasi ya sabini."

Alipokwenda kuoga nikafungua kisanduku tena. (Hii ni mara ya pili. Naandika nisije nikajidanganya ilikuwa mara moja.) Safari hii nimesoma karatasi yote. Vietnam, mwaka mzima. Nishani moja. Kisha: hakuwepo kambini bila ruhusa, 2 Desemba 1970 hadi 11 Januari 1971. Siku arobaini na moja.

Hakukimbia vita. Vita alishavimaliza! Alikimbilia mitego.

Siku arobaini na moja ndizo zinazomkalisha kwenye kiti cha kukunja. Kwa ajili ya kutega alipoteza neno moja, na sasa neno hilo hilo ndilo wanalolitaka ili avue.

Nilifurahi kama nimepata jibu la hesabu. Furaha ilikaa dakika mbili. Kujua kwangu hakubadilishi tangazo. Mstari bado upo. Na Jumanne anakwenda mtoni kwa sababu yangu.

Mwambie. Mwambie leo.

Sikumwambia.


Jumatatu, 30 Juni

Niliingia chumbani kwake mara tatu. Mara ya kwanza nikasema natafuta mkasi. Ya pili nikasema nimerudisha mkasi. Ya tatu alikuwa anajaribu kofia mbele ya kioo.

"Ipi? Hii au ile ya majani?"

"Ile ya majani," nikasema.


Jumanne, 1 Julai



Mama aliomba ruhusa ya mchana. Tukaenda watatu, pale mto unapopinda chini ya majabali. Babu alivaa shati lililopigwa pasi. Alirusha mshipi mara ya kwanza tangu Machi, na ukaenda ulipotakiwa kwenda, bila kelele, kama umetumwa dukani. Mama akasema, "Tazameni mzee huyu! Na mimi miezi yote hii najidai fundi." Babu akamwambia ajifunze kwa macho, mdomo aupumzishe. Ndani ya nusu saa akapata trauti mmoja mzuri, akamtia kwenye ndoo ya maji.

Halafu askari wa wanyamapori akashuka na njia ya mawe. Mwanamke, Bi Tolliver, mpole kabisa. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Siku ya kwanza ya sheria, na tayari napata wateja," alisema. Mama akaonyesha leseni na kadi yake ya jeshi. Sawa. Babu akatoa leseni yake ya Louisiana. Sawa.

"Na hati yako ya kuachishwa jeshi, mzee wangu?"

Babu akanitazama. Mimi nikatazama ndoo.

"Iko nyumbani," alisema kwa Kiingereza.

Mama akageuka. "Baba, si ilikwenda na maji?"

Bi Tolliver alidhani anasaidia. Akatoa lile tangazo mfukoni akasoma kwa sauti, kidole chini ya mistari. Hakuruka. Na awe aliachishwa kwa heshima. "Ni kipande hicho tu nahitaji kukiona," alisema. "Leo sikuandikii kosa. Nileteeni ofisini kabla ya Jumatatu. Bila hiyo itabidi nihesabu kwamba ulivua bila leseni."

Babu alisogelea ndoo. Aliinama, akachukua yule trauti kwa mikono miwili, akamrudisha mtoni. Akamshika kwanza kwenye maji mpaka akapata nguvu, ndipo akamwachia.

"Mbona, mzee? Saizi yake inaruhusiwa."

"Yake, ndiyo," alisema Babu.

Kwenye gari hakuna aliyewasha redio. Mama aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani, anaangalia mbele. Tulipofika alisema neno moja tu: kesho akitoka kazini wataitafuta hati pamoja.


Jumatano, 2 Julai

Saa kumi na nusu alasiri. Mama hufika saa kumi na moja.

Asubuhi Babu aliniita barazani. Nilikwenda nikiwa nimeshaanza kulia, ili nimalizie huko. Hakuwa na hasira. Kisanduku kilikuwa kwenye mapaja yake.

"Mfuko huu," alisema, "mimi huukunja mara nne. Wiki iliyopita niliukuta umekunjwa mara tatu."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Kwa hiyo ulijua nimesoma?"

"Nilijua kabla sijakuita unisomee tangazo."

"Mbona basi ukaniita mimi? Ungemwita Dell."

"Dell hajui kitu kuhusu mimi. Wewe ulijua." Alikuwa anasema polepole, kama anatembea juu ya mawe ya mtoni. "Nikajiambia: mtoto huyu ameiona karatasi. Akiniambia hawaulizi, basi hawaulizi. Hawezi kunipeleka mtoni vile."

Nilisema samahani. Kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kifaransa, maana hakuna iliyotosha. Nikamwambia sikutaka alisikie lile neno. Nikamwambia najua habari ya mitego, siku arobaini na moja nazijua, kwamba yeyote mwenye akili angekwenda.

"Yeyote mwenye akili angeomba ruhusa," alisema. "Mimi niliomba. Wakasema baada ya Krismasi. Panya-maji hasubiri Krismasi." Akacheka kidogo kwa puani. Halafu akaacha. "Mama yako nilimwambia ilikwenda na maji kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tisa na begi la kwenda jeshini limeshafungwa. Ningesema nini?"

Nikasema labda Mama hahitaji kuiona. Tunaweza kununua ile leseni ya wageni. Tunaweza kumwambia Bi Tolliver tumeitafuta hatukuiona.

Alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Unaruka tena, sha."

Kisha akautoa mfuko wa mkate akaniwekea mkononi. Yeye macho yake hayafiki, na Kiingereza chake hakifiki, na nadhani sauti yake pia haifiki. Mimi ndiye nitakayemsomea Mama. Hati yote. Vietnam, nishani, siku arobaini na moja, na lile neno. Yeye atakaa kwenye kiti chake, pale picha ilipo. Ameshaishusha ukutani. Ameilaza mezani kifudifudi, eti Mama ndiye ataamua kama inarudi.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mpaka kwenye nishani sauti inakuwepo, halafu inakwisha.

Nataka kujua uso wa Mama utafanya nini. Naona haya kuandika hivyo. Lakini naogopa na nataka kujua, vyote kwa pamoja, na siwezi kuvitenganisha.

Gari. Mlango wa gari.

Babu anakohoa sebuleni. Hajapiga mluzi leo.

Buti jikoni. Sasa sebuleni, namwona kwa mlango wangu: amesimama, anatazama ukuta ulio wazi, msumari peke yake. Sasa buti zinakuja huku, chumbani kwangu, si kwake. Daftari hili naliingiza chini ya mto. Karatasi ya Babu naiacha juu ya shuka, imekunjuliwa, maandishi juu, nimsomee yote, bila kuruka