Komeo Jipya la Mlango wa Mbele

Busia, Jumamosi jioni, 1977

Limeingia! Komeo na kishikio, vyote viwili, na nimevifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Tangu mume wangu arudi kazini Kisumu nimelala na jiwe la kusagia nyuma ya mlango, maana watu wa magendo ya kahawa wanapita hapa nyuma usiku wakitoka mpakani. Shemeji aliahidi kutia komeo. "Kesho, shemeji." Kesho gani hiyo, jamani?

Leo nikanunua bisibisi sokoni. Nikapaka skrubu sabuni zisigome, nikakaza mpaka kiganja kikatoka malengelenge.

Mama mkwe akaja mbio. "Mwanamke hapigi msumari kwenye nyumba na mumewe yuko hai! Unamtakia mwanangu kifo?"

Niliogopa, sitajidanganya. Lakini mdomo ukatangulia: "Mama, sijapiga msumari hata mmoja. Hizi ni skrubu. Zinazungushwa tu."

Akafunga mlango, akafungua, akafunga tena, akisikiliza komeo likiingia.

"Hiyo bisibisi," akasema bila kuniangalia, "kesho tukitoka kanisani uje nayo kwangu. Mlango wangu pia..."



Jiwe la kusagia nimelirudisha jikoni.