Ringi za Nguzo ya Tatu

Baba,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa mazoea, kisha nikakaa kidogo nikisubiri marahaba kama mjinga. Nakuandikia kutoka ofisini, hapa Posta, wenzangu wameshuka kula. Mimi nimebaki. Nina jambo nimelibeba wiki ya tatu sasa, na aliyebaki kuambiwa ni wewe.

Mama alipotoka eda alisema hawezi kushinda Magomeni akitazama kiti chako. Akachukua fremu Kariakoo, auze vitenge. Fremu yenyewe unaijua. Ni ile uliyomkatalia miaka kadhaa nyuma, mwenye jengo alipompa kwa heshima yako wewe uliyefunga nondo za jengo lile. Ulisema, "Hapo hapana," ukavaa kofia ukatoka. Mama alinuna wiki nzima. Sote tulidhani ni wivu, kwamba hutaki mkeo akae katikati ya wanaume wa Kariakoo, na nakiri mimi ndiye niliyelipeleka hilo kwa shangazi tukacheka. Safari hii hukuwepo wa kukataa, akachukua.

Miezi minne baadaye mwenye jengo akataka kuongeza ghorofa mbili juu. Kazi ya kukagua ikaletwa kwetu. Bosi wangu Harish, yule mzaliwa wa Kisutu uliyemwambia Kiswahili chake kina nazi kuliko chako, akanituma mimi. Nilifurahi, Baba. Nilikwenda pale nikitembea kama mtu anayekwenda kuonyesha picha ya babake.

Michoro ya zamani ilikuwa bado ipo kabatini kwa mwenye jengo. Kwenye nguzo, ringi zinazozifunga nondo ndefu zinatakiwa zikae sentimita kumi na tano moja hadi nyingine. Tukachagua nguzo ya tatu, ile iliyo nyuma ya rafu za Mama, fundi akachimbua zege taratibu mpaka nondo zikaonekana. Nikapima. Thelathini. Nikamwambia achimbue juu zaidi. Thelathini. Tukaenda nguzo ya pili, ya tano, kote ni thelathini, zimepangwa sawasawa bila kosa hata moja, kazi safi kabisa. Nikakaa juu ya robota la vitenge.

Nilikuwa kidato cha pili. Jumamosi asubuhi ulitandika mchoro juu ya mkeka, ukanisogezea kwa adabu kama vile mimi ndiye mkubwa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na lile ndilo lilikuwa ghorofa lako la kwanza; kabla ya hapo ulijenga nyumba za chini tu. Ukaniomba nikusomee ringi za nguzo zinakaa umbali gani. Nilikuwa wa pili darasani na kichwa kilikuwa kimenivimba. Karatasi ilikuwa na nguzo upande mmoja na bimu, ile mihimili ya kulala, upande wa pili. Nikaweka kidole kwenye bimu, nikasoma thelathini.

"Thelathini?" ulisema. "Mbona mbali hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Baba."

Ukatazama mikono yako, kisha ukasema, "Haya." Ukakata kijiti cha sentimita thelathini, kwa sababu hukupenda futi ya kupimia kwenye kazi. Ulisema futi humfanya kila kibarua awe na kipimo chake, lakini kijiti ni kimoja. Kijiti kimoja, nguzo zote. Mhandisi aliyetakiwa kukagua kabla ya zege kumwagwa alifika zege limeshaganda, akanywa soda, akaweka saini.

Hilo ningeweza kulimeza. Nilikuwa mtoto. Kinachonikaba ni kingine.

Unakumbuka nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nikaja likizo nikitaka kukufundisha? Nilikwambia nguzo ikibebeshwa mzigo, mzigo unagawanyika kwenye eneo lake lote, na ukigawa huo mzigo kwa eneo unapata mkazo uliomo ndani. Na nguzo hufupika. Nguzo ya mita tatu yenye afya hufupika kama milimita moja, basi, na ukigawa hiyo milimita kwa urefu wa nguzo utajua imeumia kiasi gani. Ulicheka sana. Ulisema milimita moja hata sisimizi hawezi kuisikia. Nikakwambia inapofupika inataka kutanuka ubavuni, kama sponji la kuoshea vyombo ukilikandamiza, na nondo ndefu za ndani nazo zinataka kupinda zitoke nje. Nikachukua rula ya plastiki, nikaibana juu na chini, ikapinda. Nikakwambia uishike katikati kwa vidole. Haikupinda tena kirahisi. Nikasema vidole vyako ndizo ringi.

Ukauliza, "Na vidole vikiwa mbalimbali?"

Nikajibu kwa furaha ya msomi kwamba nondo zinachomoka na zege linapasuka. Ukaniuliza kwenye nguzo kwa kawaida ringi zinakaa umbali gani. Nikasema kumi na tano, haizidi sana hapo. Ukasema umechoka, ukaingia kulala, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa. Nilimwambia Mama nimekuchosha na hesabu zangu.

Tulipoondoa rafu zote za Mama niliona chini ya nguzo hiyo ya tatu, karibu na sakafu, ufa mwembamba uliosimama wima, na juu yake viraka vinne vya jasi, vidogo kama biskuti. Sikuhitaji kuambiwa. Ndivyo mlivyofanya nyinyi mafundi: unabandika jasi juu ya ufa, ufa ukitanuka jasi inakatika. Kila kiraka kilikuwa na tarehe kwa penseli, na ile 4 yako inayofanana na kiti kilichopinduliwa. Cha kwanza ni cha wiki ileile ya rula. Cha mwisho ulikibandika mwezi mmoja kabla hujaugua. Vyote vinne vimekatika, na ndani ya mkatiko jasi bado ni nyeupe, maana yake ni juzijuzi. Ghorofani, zilipokuwa nyumba za watu, sasa ni stoo. Kila chumba kimejaa marobota mpaka darini.

Ulijua, Baba. Ulikuwa unakwenda pale kila baada ya muda, ukiviona vizima unajipa moyo, unarudi nyumbani, unaniuliza masomo yanaendaje. Ulijua kosa ni la nani pia. Ukaamua mwanao asisikie. Mkeo ukamzuia, lakini wake za watu ukawaacha pale, na watoto waliokuwa wakilala ghorofani wakati ule ukawaacha. Nimekuwa nikikasirika nikiwa natembea barabarani, watu wananitazama. Wewe uliyenifundisha kurudisha hata peni ya jirani. Ungeniambia siku ile ile, tungekwenda wote wawili, tukaaibika wote wawili, na ingekuwa imeisha.

Watu wa jengo tuliwahamisha siku hiyohiyo. Nilisimama mlangoni mpaka robota la mwisho likashuka. Vyuma vya kuegemeza dari vimesimamishwa kando ya kila nguzo, na hakuna anayeingia isipokuwa mafundi. Hakuna aliyeumia. Nakwambia hili katikati ya hasira zangu ili ulale.

Lakini Kariakoo haina siri. Kesho yake watu walishasema ni kazi ya marehemu Fundi Salumu, na mmoja akasema mbele ya Mama kwamba marehemu aliuza nondo. Mama alimjibu kwamba mume wake hajawahi kuchukua hata msumari wa mtu. Alirudi nyumbani akaniambia, "Umemfukua baba yako." Baada ya hapo hakusema nami tena. Chakula aliniwekea, salamu hapana.

Harish alinihurumia. Alisema ripoti inataka kujua ringi ziko umbali gani na zifanywe nini. Nani alikosea hawajauliza. Akasema niandike hivyo, niende nyumbani nipumzike. Nikaandika hivyo. Nikakaa na ile ripoti siku mbili, Baba, na nakwambia ukweli, nilijisikia vizuri. Ndipo nikaelewa jinsi inavyokuwa rahisi. Mtu hahitaji kuwa mbaya. Anahitaji tu siku moja zaidi, kisha nyingine.

Siku ya tatu niliongeza ukurasa. Nikaandika kwamba fundi aliuliza mara mbili, na kwamba aliyemsomea kipimo nilikuwa mimi, binti yake, nikatia saini. Nikaandika pia kuhusu viraka vya jasi na tarehe zake. Sikukuficha. Harish alisoma, akavua miwani akaifuta, kisha akaubana ukurasa pamoja na kurasa nyingine.

Juzi Jumapili nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza la mkeka na la kidole changu, akaendelea kuchambua, machozi yanamtoka lakini uso umelainika, maana jina lako lilikuwa linarudi safi mikononi mwake. Ningeweza kuishia hapo. Nilitaka sana kuishia hapo. Akauliza, "Naye alijua?"

Nikasema alijua. Nikamwambia tangu lini.

Aliweka ungo chini. "Mimi nimekaa pale miezi minne," alisema, "mgongo wangu kwenye ile nguzo."

Akaingia ndani akatoa kanzu zako zote alizokuwa amekataa zisiguswe, akazikunja moja moja, akaniambia nizipeleke msikitini wapewe wenye haja. Nimezipeleka. Ile ya kahawia nimebaki nayo, hajui.

Baba, nakuahidi kwamba hakuna zege litakalomwagwa kwenye kazi yangu kabla sijashika ringi kwa mkono wangu, na fundi yeyote akiniuliza mbona mbali, nitafungua mchoro upya nisome mbele yake. Nakuombea dua kila swala. Mungu akupanulie hapo ulipo.

Mimi nimekusamehe, na naomba nawe unisamehe. Mama bado, na sitamharakisha.

Mwanao,
Rukia