Filamu Uliyonikataza Kuisemea

Kaka Rajabu,

Nimevunja agizo lako. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukuwapenda watu wa kuzunguka.

Arobaini yako imepita. Jumamosi mchana Mangi aliziba madirisha ya banda lake la video hapa Ilala kwa maturubai, tukaionyesha filamu yako. Watu walijaa. Miaka yote hiyo uliwatafsiria filamu za Kichina na Kihindi kwa kipaza sauti kile kile, mimi mwanafunzi wako nikiwa pembeni, basi walikuja wakitarajia maneno. Sikuwaambia kwamba filamu pekee uliyoitengeneza mwenyewe haina neno hata moja.

Ilianza na lile koti. Limetundikwa kwenye kiti cha afisa, mwenyewe hayupo, watu wanasubiri. Dakika tano, koti tu. Walicheka, maana nani hajawahi kusubiri koti? Likaja bomba kavu na ndoo zilizopangwa foleni. Kisha kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama yako, majani yameota katikati ya mashine. Hapo kicheko kikaisha.

"Ngumi zinaanza saa ngapi?" mmoja akauliza.

Mangi akasimama. "Hii nchi gani anayoionyesha? Mimi nimeingia mji huu na ndala, leo nina duka Kariakoo. Mbona hilo hakulipiga picha?"

"Na hizo khanga dukani kwako zinatoka wapi?" akadakia Mama Salma, fundi cherehani. "Kaa chini, Mangi!"

Mwingine akasema umetuanika kwa wageni. Wengine wakaanza kunyanyuka. Niliogopa, kaka. Nilikumbuka ulivyoniambia hospitalini, "Zube, hii usiisemee. Waache waone," na bado nikakishika kipaza sauti. Kibaya zaidi, sikutumia sauti yangu. Nilitumia yako.

"Haya haya haya, wananchi, kaeni mkao wa kula!"

Banda zima likapiga makofi. "Rajabu huyo!" Nikaifanya mashine iyatongoze majani, nikaifanya ndoo ilitukane bomba. Hata Mangi alicheka. Na mimi nilifurahi, nakiri, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Mama yako alikuwa benchi la mbele. Aliinuka taratibu, akaja akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Nyamaza, Zube. Nasikiliza."

Nilidhani anasikiliza mabati ya kiwanda chake yakigongwa na upepo. Nikanyamaza. Ndipo na mimi nikasikia. Karibu kuliko mabati, mtu anahema. Ni wewe, umeshika kamera, kifua kimeshaanza kukusumbua. Nimeitazama filamu hii mara ngapi, na sikuwahi kukusikia. Nilikuwa nakuigiza juu ya pumzi yako mwenyewe. Nisamehe, kaka. Nimelia sana.

Ilipoisha, wengine walitoka wakisonya. Mama Salma alibaki ameketi, mkoba mapajani. Mpaka leo kwenye kahawa wanabishana kama uliipenda nchi hii au uliitukana, na wakiniona wananivuta niamue. Mimi naona asiyeipenda asingesimama mle kiwandani muda wote ule na kifua kile. Lakini siwaambii.

Mangi anataka kuionyesha tena, kwa sharti kwamba niisemee kwa sauti yako. Anasema hivyo itajaza banda, na nisipotaka atatafuta mtafsiri mwingine wa filamu zake zote. Nilimrudishia kipaza sauti chake jana asubuhi. Kazi nyingine nitatafuta.

Ijumaa tutaiwasha sebuleni kwa mama, kwenye televisheni yake. Anayetaka kuitukana aje, anayetaka kulia aje. Ninakuahidi, hutanisikia.

Pumzika, kaka. Mama ameniomba niongeze sauti mpaka mwisho.

Zubeda