Manifoldi ya Lori la Baba

Kulwa, maharage yameiva, yaunge na zile nyanya za Ruaha Mbuyuni kabla hazijaharibika. Kuku wape pumba.

Seni, nimeenda Iringa kwa fundi Faraji kufuata manifoldi mpya ya lori, ya chuma cha kalibu, kile cha kumiminwa. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa shangazi yenu, nirudi kesho.

Asubuhi ulinicheka: "Mama, si bomba tu la moshi? Tuchomelee chuma chochote." Nikaondoka mezani. Sikukasirika, mwanangu, nilitaka kulia.

Kabla hujazaliwa nilisafiri na marehemu baba yako tukirudi kutoka Dar. Tulipomaliza kupanda mlima Kitonga akasimamisha lori, akainua kichwa cha lori injini ikaonekana, akaniita, "Vero, njoo uone." Giza lilikuwa linaingia. Kwenye manifoldi, pale moshi wa injini unapoingia kwenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, chuma kilikuwa chekundu kama kaa la moto. Akanishika mkono nisisogee. "Chuma cha kawaida kwa joto hili kinabanduka maganda na kupasuka," akasema, "na maganda yakiingia ndani yanakula mapanga ya tabo. Hiki kimechanganywa nikeli, ndiyo maana kinavumilia." Tukakaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma mpaka chuma kikawa cheusi tena. Mkono wangu hakuuachia. Sijui kama niliwahi kumpenda zaidi ya siku ile.

Jumamosi utapanda Kitonga na lori lake peke yako kwa mara ya kwanza. Baba yako hayupo wa kukuchagulia chuma, ndiyo maana nimeenda mimi.

Mama yenu