Sala Iliyogandishwa kwa Uji

"Mashetani gani, mwalimu? Hiyo ni sala ya mvua!" Hapo ndipo Changamwe nzima ilipotoka nje kutusikiliza, mimi na jirani yangu mwalimu Justus.

Shoga, hutaamini. Kagandisha kurasa za kitabu cha shule kwa uji, watoto wasisome sala ya wazee wetu Wagiriama. Kwa uji, Pascalia!

Binti yangu Kafedha kazibandua, kasoma kwa sauti, kafukuzwa. Harudi darasani mpaka akiri kosa. Kosa gani?

Barua za askari, Waingereza wanazikata maneno kwa ajili ya vita, haya. Sala ya mvua itamsaidia Mjerumani gani?

Nikamwuliza, "Kwani Mungu hajui Kigiriama?"

Na sima inapoa. Nikamwambia, "Ingia tule, mwalimu. Ila kwangu, atakayeombea chakula ni Kafedha. Kwa Kigiriama."