Shikamoo Hewani

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Televisheni yetu ya Kilindoni kutwa inarusha matangazo ya Dar. Ya kwetu nusu saa tu jioni. Leo Dar wametaka mtu wa kisiwani aingie kwenye taarifa ya habari ya taifa, moja kwa moja, kila Alhamisi. Mtu mmoja! Nikavaa koti kabisa. Meneja, Bi Mwanasiti, akamtaja Ummy. Ummy! Binti wa Kiegeani, kazini juzi tu, safari yake ndefu ni boti ya kuvukia bara, Nyamisati. Mimi Sufiani nimefika Mombasa, nimefika Muscat, Kiingereza nakitema ingawa darasa la saba sikulimaliza. Eti nishike kamera. Haya.

Jumanne, 12 Novemba
Ummy kaniletea vitumbua. "Kaka Sufi, nifundishe kusimama." Nimemfundisha. Vitumbua vitamu — hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 14 Novemba
Gatini. Habari: papa potwe, wale wakubwa wapole, wamerudi. Ummy kaanza vizuri, roho ikaniuma. Mara namwona Mzee Shaabani, anayejua kila mtu kisiwani, anakuja na bakora yake. Ningeweza kumpungia apite nyuma yangu. Sikumpungia! Ummy, kwa adabu za kwao, akakata habari katikati: "Shikamoo babu!" Mzee akasimama. "Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Na mguu wake?" Taifa zima likangoja mguu wa mama yake Ummy! Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Nikasema, kwisha habari yake.

Ijumaa, 15 Novemba
Dar wamepiga simu. Wamependa!! Kipande kinazunguka kwenye simu za watu. Sokoni naulizwa, "We ndiye unayempiga picha binti wa shikamoo?" Hata mama yangu: "Yule mtoto ana adabu. Mwige." Nikausukuma wali pembeni.

Alhamisi, 21 Novemba
Naandika ofisini, jasho halijakauka. Leo mtangazaji wa Dar kamwambia Ummy hewani: hebu mwamkie mzee, kama wiki ile. Mzee yuko wapi? Gati tupu, mimi na paka. Ummy kaganda. Midomo inacheza, sauti hakuna. Macho yananitazama mimi. Si ndicho nilichokuwa nakiombea? Ninyamaze tu, Alhamisi ijayo zamu ya koti langu.

Mdomo huu! Ukapayuka wenyewe: "Shikamoo, Bi Ummy!" Mimi, baba wa watoto wanne, namwamkia binti mdogo mbele ya taifa! Akaangua kicheko. "Kaka Sufi, unanizeesha!" Kisha akaishusha habari ya akina mama wakulima wa mwani, kama maji yanatiririka. Kanipita. Bado inauma, sisemi uongo.

Sasa Bi Mwanasiti yuko mlangoni, kaziba simu kwa kiganja. Dar. Wanamtaka "huyo aliyepiga kelele nyuma ya kamera." Namuuliza kwa macho: nafukuzwa, au? Ananinyooshea simu tu. Na Ummy kalitungua koti langu msumarini, kalishika wazi nivae —

Kwani kwenye simu koti linaonekana?