Matawi Tisa ya Mustalampi

Jumanne, 4 Machi

Amepita tena! Veijo na lile jibwa lake. Jana nilitengeneza njia nzima thelujini, juu ya barafu ya viziwa vyote vitatu, mifereji ya kutelezea skii imenyooka hadi raha. Leo imejaa mashimo ya mabuti. Waenda kwa miguu wana ukanda wao pembeni, mpana — hautaki! Nimemkemea pale kwa uzio. Akacheka. “Msitu ni wa wote, jirani. Kwani wewe ulizaliwa na skii miguuni?”

Marehemu mume wangu Reino alikata njia hii kwa mikono yake, akaitunza. Miaka thelathini na moja. Mabuti!

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mashimo yake yaliganda usiku, magumu kama mawe. Mteremko wa ziwa la kwanza — skii ikakwama, nikaruka. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Plasta wiki sita. Daktari ananiambia, Bi Hilkka, umri nao. Umri! Si umri, ni Veijo!

Atanitambua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Mustalampi, ziwa la tatu, upande wa matete, kuna chemchemi chini na barafu ni laini. Reino alipanga matawi ya msonobari mbali na hapo, kuonyesha njia. Hapa hakuna anayeuliza tawi. Likisimama kwenye barafu, unalifuata. Ndivyo tulivyolelewa. Nimeng'oa tisa, kwa mkono mmoja, nikayachomeka upya kuelekea matete. Maji ya pale ukingoni ni ya magoti. Aloe, apige mayowe, mbwa amcheke. Wenye skii hawapiti, mashimo yake yamewafukuza. Ni yeye tu.

Nimekunywa kahawa yangu kwa furaha ambayo sijaionja tangu msiba. Sijutii hata chembe!

Jumapili, 9 Machi

Saa nne asubuhi. Jua zuri. Kuna pikipiki ya theluji inanguruma msituni, ziwa la kwanza. Nani tena huyo? Mwache naye aharibu kilichobaki.

Hajapita na mbwa leo. Nimekaa dirishani tangu saa moja. Uvumilivu ninao.

— Simu. Sirkka, mke wa Veijo. Sauti ya chini, kama mtu anayeficha zawadi. Ati jana dukani ndipo waliposikia habari za mkono wangu. Ati Veijo hakulala. “Mzee wangu kalia, Hilkka, usimwambie nimesema. Kaazima pikipiki ya theluji ya klabu ya skii, anakutengenezea njia yote upya. Mchana tunakuja na mikate ya iliki, weka kahawa.”

Nikamuuliza, anaijua njia ya ziwani?

“Ah! Si atafuata matawi?”

Nimesema ndiyo. Nikakata simu. Mjinga mimi, nimesema ndiyo!

Mtu na mbwa nilipima. Pikipiki ya kilo mia tatu sikupima. Na hatua chache kutoka matete Reino alitumbukiza mti wa mita sita, haukugusa chini.

Ziwa la pili sasa. Naisikia inapanda kilima. Inashuka kuelekea Mustalampi. Skii ziko barazani, mkono mmoja, kilomita mbili — kwa nini bado naandika? Nimpigie Sirkka nimwambie nini? Kwamba ni mimi?

Injini imenyamaza.